Simbilisi amezaa: rangi na manyoya ya watoto wake yanakuambia nini?

KIPILI, Nkasi. Mtoto anakuja mbio kutoka uani: "Mama, simbilisi amezaa!" Bandani wamo watatu. Mmoja mweusi tii, mmoja wa mabaka, na wa tatu manyoya yamemsimama mgongoni kama aliyenyeshewa. Swali huwa ni lile lile: huyu wa tatu ni mgonjwa?

Mara nyingi ni mzima. Lakini mzazi anayejua kutofautisha aina ya manyoya na ugonjwa wa ngozi anawakinga wanyama, na anawakinga watoto wake pia.

Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Hapa nchini hufugwa sana Iringa na Njombe, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, wengi huwafuga kwa ajili ya nyama. Kwa watoto, ni rafiki mpole asiyeuma ovyo.

Mtoto wa panya au sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba. Simbilisi hukaa tumboni miezi miwili na zaidi, kisha huzaliwa na meno, macho wazi na manyoya kamili. Kwa hiyo ukaguzi huanza siku ya kwanza.

Rangi

Mpulizie taratibu mgongoni manyoya yafunuke. Kama unywele ni wa rangi moja kutoka shinani hadi nchani, huyo ni wa rangi moja: mweusi, kahawia, krimu au mweupe. Kama kila unywele una mikanda, giza chini na hudhurungi juu, hiyo ndiyo rangi ya asili ya simbilisi wa porini. Wengine huwa na mabaka ya rangi mbili au tatu. Mabaka hayo hayahami, hivyo ni alama nzuri ya kumtambua kila mmoja.

Aina ya manyoya

Wapo wa manyoya laini yaliyolala. Wapo wenye mizunguko, kama ule ulio utosini mwa mtoto wa binadamu, ila wao wanayo mingi mwilini. Huyo wa tatu bandani ni wa namna hii. Mzazi mmoja tu mwenye mizunguko anatosha kumrithisha.

Nywele ndefu huchelewa kujionyesha. Hurefuka kadiri wiki zinavyopita. Wazazi wawili wa nywele fupi wanaweza kumzaa wa nywele ndefu, iwapo wote wamebeba urithi huo.

Je, ni ugonjwa?

Mzunguko wa kuzaliwa una ngozi safi katikati, na nywele zake hazing'oki. Tilia shaka ukiona upara, magamba au vidonda, hasa puani, kuzunguka macho na masikioni. Huenda ni mapunye, ambayo humwambukiza mtoto anayemkumbatia. Anayejikuna bila kupumzika huenda ana utitiri. Mtenge, watoto wasimshike, kisha muone afisa mifugo.

Manyoya yakififia na mnyama akachechemea, angalia chakula. Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Mpe majani mabichi kila siku, pamoja na kabichi kidogo au pilipili hoho. Usimpe majani ya viazi mviringo wala ya mparachichi.

Joto na baridi

Huku ziwani, joto likikaribia nyuzi 30 linaweza kumuua, na mwenye nywele ndefu huumia zaidi. Banda liwe kivulini, na nywele zipunguzwe kwa mkasi. Kule juu Ufipa, baridi ya Juni na Julai inataka nyasi kavu za kutosha na banda lisilopitisha upepo.

Daftari la mtoto

Mpe mtoto daftari aandike tarehe ya kuzaliwa, rangi, aina ya manyoya na jinsia ya kila mmoja. Litawafaa mapema: madume watenganishwe wakifika wiki tatu, kwani jike wa wiki nne anaweza kushika mimba. Baba yao naye atolewe mapema, kwa kuwa mama anaweza kushika mimba tena siku ile ile ya kujifungua.

Na kila wanapomaliza kucheza nao, watoto wanawe mikono kwa sabuni.