Tela la Mjomba

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini safari ya chama ya kwenda kuvua samaki haikufanyika mwezi wa tano. Niliwajibu tu kwamba tela limeharibika. Ni kweli, lakini si habari yote.

Mjomba wangu anakaa Reading na ana boti ya faiba ya mita tano, ambayo hulala juu ya tela nje ya nyumba mwaka mzima, majirani wakinung'unika. Kiangazi huivuta mpaka pwani ya Portsmouth: A33 hadi Basingstoke, halafu M3, halafu M27. Siku ile tulikuwa tunakwenda kuijaribu kabla hatujawachukua nyinyi, na akaniambia niendeshe mimi. Leseni nimeipata 2023. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari hapa anaruhusiwa kuvuta tela la uzito wa hadi kilo 3,500 bila kufanya mtihani mwingine. Nilimweleza Mama hayo kwa madaha. Akasema, "Wameondoa mtihani, uzito hawakuuondoa." Nikacheka.

Tulipokaribia kipilefti cha Basingstoke (neno hilo ni la Mjomba, mimi nilikuwa nikisema "mzunguko" na ananicheka) nilikanyaga breki kama ninavyokanyaga siku zote. Gari likaanza kupunguza mwendo. Mara nikasikia teke kubwa nyuma, na gari zima likasukumwa mbele kama tumegongwa. Nikakanyaga mpaka mwisho. Tulisimama tukiwa tumeshavuka mstari, na lori likapita mbele ya pua ya gari likipiga honi ndefu. Mjomba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Baada ya muda akasema taratibu, "Tafuta pahala usimame, mwanangu."

Tukasimama pembeni. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu la kulia la tela: baridi kabisa. La kushoto hakuweza hata kulikaribia, na lilikuwa linanuka kuungua. Kwa hiyo breki ya kulia ilikuwa haifanyi kazi hata kidogo, na ya kushoto ilikuwa imeng'ang'ania tangu Reading, ikachemka mpaka ikaishiwa nguvu. Nyuma yetu kulikuwa na zaidi ya tani moja.

Nilidhani tela linafungwa breki na gari. Sivyo. Tela zito kama lile halina mawasiliano na kanyagio langu. Gari likipunguza mwendo, tela bado linataka kwenda. Linajisukuma mbele, na kile kichwa kinachokaa juu ya tufe la chuma kinarudi nyuma kidogo kwenye shafti yake. Mwendo huo mdogo unavuta fito, fito inavuta waya, na waya zinatanua breki shuu ndani ya dramu za magurudumu. Yaani tela linajifunga breki lenyewe kwa uzito wake. Kwenye shafti kuna kizuia mshtuko ili yote hayo yafanyike pole pole. Chetu kilikuwa kimekufa, ndiyo maana ya lile teke. Hapa Uingereza tela ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi kilo 750 lazima liwe na breki, lakini hakuna anayekuja nyumbani kwako kuangalia kama zinafanya kazi.

Gari la kuvuta magari mabovu liliturudisha Reading, na wiki iliyofuata tukafungua dramu pale uani. Ndani kulikuwa na kutu tupu. Waya wa kulia haukusogea hata kwa koleo. Mjomba alikaa juu ya ndoo, akakiri. Kila mwaka akifika ufukweni huwa na haraka ya kuwahi maji kujaa, basi hulirudisha tela baharini papo hapo, magurudumu yakiwa bado ya moto. Chuma cha moto kikiingia maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili, yanaharibu grisi ya beringi na kuanza kazi yake. Halafu jioni mtu amechoka, anarudi nyumbani bila kuliosha kwa maji matamu. Halafu Oktoba anapandisha breki ya mkono na kuliacha hivyo hadi Mei, na breki shuu zinagandana na dramu kwa kutu. Alipaswa kuzuia magurudumu kwa vipande vya mbao na kuiachia breki. "Kwetu boti tunaisukuma juu ya magogo," alisema. "Gogo halina beringi."

Kilichonitisha zaidi ni ule waya mwembamba wa dharura. Kazi yake ni kuivuta breki ya mkono ya tela iwapo tela litachomoka barabarani. Unatakiwa ufungwe kwenye gari penyewe. Mjomba alikuwa ameutundika tu juu ya tufe, kwa hiyo tela likichomoka nao ungeweza kuchomoka nalo. Na sanduku la barafu, nanga na petroli vyote alikuwa ameviweka nyuma ya boti. Uzito ukikaa nyuma, pua ya tela inakuwa nyepesi, na likifika barabara kuu linaanza kuyumba kama mkia. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta: ondoa mguu, shika usukani ukiwa umenyooka. Na mwendo wenyewe usizidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, 50 kwenye barabara za njia moja kila upande.

Waya mpya, breki shuu, beringi na kizuia mshtuko viligharimu pauni 300 na ushei. Fundi amelipima. Mimi na Mjomba tumelivuta mara mbili bila boti na mara moja likiwa nayo, tukisimama kila baada ya maili kumi kusogeza viganja karibu na magurudumu, watu wakitushangaa.

Kwa hiyo safari ni Jumamosi ya mwisho ya Juni. Lete koti, na begi lako liwekwe ndani ya gari. Tukifika tutakunywa chai kwanza, nusu saa, magurudumu yapoe. Mjomba ataendesha kwenda, mimi kurudi, na Mama ametangaza kwamba atatufuata nyuma na gari lake.