Maelezo ya zana (akili mnemba)

Maelezo ya zana ni maandishi mafupi yanayoieleza programu ya akili mnemba (pia: akili unde) kazi ya kila zana iliyopewa, wakati wa kuitumia na taarifa inazohitaji. Wakala, yaani programu inayotekeleza kazi kwa niaba ya mtu, kwa kawaida haoni msimbo wa zana. Huchagua kwa kusoma jina na maelezo yake. Ndivyo ilivyo katika itifaki ya MCP, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024.

Mfano ni MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili. Katika amri yake ya kuhariri, maandishi yanayowekwa kwenye "text" huchukua nafasi ya ukurasa mzima isipotajwa sehemu. Ya "appendtext" huongezwa mwishoni. Tuseme makala ya kata ya Shanwe bado inaiweka Mpanda katika Mkoa wa Rukwa, ilhali tangu 2012 iko Mkoa wa Katavi. Wakala aliyeambiwa tu kwamba zana "huhariri ukurasa" anaweza kutuma sentensi moja iliyosahihishwa, na makala yote ikafutika. Historia ya ukurasa huwezesha kuirudisha, lakini mpaka mtu agundue, na kurasa za kata hazina wasomaji wengi.

Ni kama maswali ya mtihani: mwanafunzi hujibu kilichoandikwa, si alichokusudia mtungaji. Maelezo bora yangesema: "Hubadilisha ukurasa wote. Soma kwanza ukurasa ulivyo sasa, kisha tuma maandishi yake yote pamoja na sahihisho."