Farasi amechanjwa pepopunda, saisi je?

Kila mtu anayesafiri kwa matatu kupitia Barabara ya Ngong anaujua uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Upande mmoja wa uwanja huo Kibera haiko mbali, na upande wa pili, ukivuka barabara na kupita Dagoretti Corner, unafika Kawangware. Haishangazi basi kwamba kuna wakazi wa mitaa hii wanaoifahamu kazi ya usaisi, yaani kulisha farasi, kuwasugua, kuwatandika na kuwatembeza.

Lakini kazi ya farasi haiishii uwanjani. Kuna misafara ya watalii wanaopenda kuzunguka mbugani juu ya farasi na kulala kwenye mahema, hasa katika nyanda za Loita na Mara, Laikipia na chini ya vilima vya Chyulu. Msafara wa namna hiyo huwa na wageni wachache, farasi wengi, lori la mahema na chakula, mpishi, dereva, na masaisi ambao hulala karibu na wanyama wao. Safari huchukua juma moja au zaidi, mahali ambapo hakuna duka la dawa wala barabara ya lami.

Makala haya yanamhusu mfanyakazi huyo, pamoja na kijana yeyote wa mjini anayekwenda kupiga kambi porini. Wengi wakiulizwa wanaogopa nini huko watakujibu kwamba ni simba. Ukweli ni kwamba mambo yanayoweza kumuua ni madogo kuliko simba, na karibu yote yana kinga.

FARASI HUTUNZWA VIPI?

Tuanze na farasi mwenyewe. Mwenye farasi anayejali mali yake huita daktari wa mifugo amchanje pepopunda, kwa kuwa farasi hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko wanyama wengi. Humchanja pia dhidi ya ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na usubi, ambao hukaa ndani ya punda milia bila kuwadhuru. Farasi hupakwa dawa ya kufukuza wadudu, hupewa dawa ya minyoo, na damu yake hupimwa akidhaniwa kuwa na nagana, ambayo huletwa na mbung'o.

Saisi ndiye humshika farasi akichomwa sindano hizo zote. Anajua tarehe ya kila moja. Lakini muulize yeye mwenyewe alichanjwa pepopunda lini mara ya mwisho, na huenda asikumbuke.

PEPOPUNDA

Viini vya pepopunda hukaa ndani ya udongo na katika mavi ya wanyama, farasi akiwa mmoja wao. Vikiwa nje hujifunika gamba gumu na vinaweza kuishi miaka mingi. Huingia mwilini kupitia kidonda, hata kidogo: msumari wa kwato uliochoma kiganja, mwiba mguuni, au mchubuko wa kamba. Baada ya siku 3 hadi 21 hivi, taya hukaza hata mtu ashindwe kufungua kinywa. Kisha shingo, mgongo na tumbo hukakamaa, na misuli ya kupumua ikishikwa mgonjwa anaweza kufa.

Ugonjwa huu ni mgumu kutibu lakini ni rahisi kuzuia. Mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda anapokwenda kliniki, kwa hivyo wanawake wengi wana kinga. Mwanamume huenda hajaguswa na sindano hiyo tangu utotoni, na kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita. Mtu mzima ambaye hakumbuki kuchanjwa anahitaji sindano mbili zinazopishana kwa majuma manne, na ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12. Baada ya hapo inafaa kuongezewa moja kila miaka 10. Kwa hiyo usingoje hadi lori liwe limewashwa.

Ukijikata kambini, osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, kisha ukifunike. Usipake udongo, majivu wala samadi.

MALARIA HUANZA UKISHARUDI NYUMBANI

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haiwafai viini vya malaria. Mtu aliyezaliwa Kawangware anaweza kufikia umri wa miaka thelathini bila kuugua malaria. Yule aliyekulia Siaya au Busia alikuwa na kinga kiasi kwa sababu ya kuumwa mara kwa mara, lakini kinga hiyo hufifia akikaa mjini miaka kadhaa. Wote wawili wakienda kulala penye mbu, miili yao haiko tayari.

Hatari kubwa ni kwamba malaria haianzi siku unayoumwa na mbu. Huchukua siku 7 hadi 14, na wakati mwingine majuma kadhaa. Kwa hivyo saisi huondoka porini akiwa mzima, akapokea mshahara wake, akarudi Kibera. Siku kumi baadaye anaumwa kichwa, viungo vinauma, anatetemeka. Kwa kuwa yuko Nairobi, hafikirii malaria. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu kwenye kioski, joto la mwili hushuka kwa saa chache, akadhani amepona. Akifika kliniki, anaweza kuambiwa ni homa ya matumbo, kwani dalili zinafanana. Ilhali malaria ya aina inayopatikana zaidi nchini mwetu inaweza kufika kwenye ubongo kwa siku chache tu.

Ndiyo sababu neno muhimu kuliko dawa yote ni hili: mwambie daktari ulikokuwa. Sema bila kuulizwa, "Nililala Mara majuma mawili yaliyopita." Maneno hayo yatamfanya akupime damu siku hiyo hiyo. Ukipatikana na malaria utapewa dawa ya mchanganyiko ambayo mtu mzima huimeza mara 6 kwa siku 3. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifanye kazi vizuri, na uimalize hata ukijisikia nafuu siku ya pili.

Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu vidonge vya kuzuia malaria. Kuna vya kila siku na vya kila juma, na vyote huendelea kumezwa kwa muda baada ya kurudi. Vingine havimfai mjamzito, na vingine hufanya ngozi iungue upesi kwenye jua, kwa hivyo usiazime vya mwenzako. Beba chandarua kilichotiwa dawa. Ikiwa wageni wana vyandarua na wewe unalala chini ya turubai karibu na farasi, wewe ndiye utakayekuwa chakula cha mbu.

MBUNG'O NA OVAROLI YA BULUU

Mbung'o huuma mchana, na huuma hata juu ya nguo. Ugonjwa wa malale umepungua mno hapa kwetu: Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma. Lakini kutokomezwa kwa namna hiyo si kusema kwamba hauwezi kutokea. Mwaka 2012 watalii wawili waliokuwa wametembelea Mara walipatikana na malale waliporudi Ulaya.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Wataalamu wa ICIPE waliofanya kazi na Wamaasai wa Nguruman, chini ya vilima vya Loita, walitumia vitambaa vya rangi hizo kutengenezea mitego. Sasa fikiria ovaroli ya kazi, ambayo mara nyingi ni ya buluu. Porini, vaa kaki au kijani kibichi kilichofifia. Ukiumwa, kisha pakatokea uvimbe mwekundu wenye maumivu na homa ikafuata, nenda hospitali.

MAJI NA MOTO

Mkazi wa Kibera anajua thamani ya maji kwa sababu huyanunua kwa mtungi, na hayaamini kabla hayajachemka. Ajabu ni kwamba akifika mbugani anainama kwenye kijito na kunywa kwa mkono kwa sababu kinang'aa. Kumbuka kwamba juu yake wamepita ng'ombe, nyumbu na watu. Chemsha hadi yatokote, au utie dawa ya maji na kungoja nusu saa. Farasi wanyweshwe chini ya mahali mnapoteka, na choo kichimbwe mbali na maji.

Usiku wa Loita, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, huwa na baridi kali. Usishawishike kuingiza jiko la makaa ndani ya hema. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Ni gesi ile ile ambayo imewaua watu katika vyumba vilivyofungwa madirisha hapa mjini, na hema lililofungwa zipu halina tofauti na chumba hicho. Ongeza blanketi.

KWATO, NYOKA NA MAFURIKO

Farasi aliyetulia mchana anaweza kuwa mnyama mwingine usiku akinusa fisi au simba. Hupiga mateke na kukaza kamba, na saisi hukurupuka gizani akiwa na malapa. Lala viatu vya buti vikiwa karibu, vikung'ute kabla ya kuvaa, na usiende kwenye kamba ya farasi bila tochi. Mara nyingi nyoka aina ya kifutu hakimbii anaposikia hatua. Hulala kimya njiani akitegemea rangi yake kumficha. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, mguu ufungwe kwenye kijiti usitingishike, kisha apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye sumu, wala usikaze kamba juu ya jeraha.

Aliyepigwa teke tumboni anaweza kuonekana mzima huku anavuja damu ndani. Akibadilika rangi, akitokwa jasho baridi au tumbo likikaza, msimpe chakula wala chai, mkimbizeni. Vivyo hivyo aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha akatapika au akalemewa na usingizi. Kofia ngumu si ya mgeni peke yake.

Kuhusu makorongo, watu wa Nairobi wanaijua Hell's Gate karibu na Naivasha. Mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana 7 wa kanisa kwenye korongo lake Aprili 2012, na watu wengine 7 Septemba 2019. Mvua inaweza kuwa imenyesha mbali, nawe juu ya kichwa chako ukaona jua. Kwa hivyo msipige kambi wala kufunga farasi ndani ya mkondo mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli. Maji yakianza kubadilika rangi au mkisikia ngurumo, pandeni juu na mwache vyombo.

HAKI YAKO KABLA YA KUONDOKA

Ndege za madaktari wa Amref, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, huruka kutoka uwanja wa Wilson, jirani na Kibera. Huenda umezizoea kiasi kwamba huinui kichwa zikipita. Muulize mwajiri wako swali moja: mtu akivunjika mgongo Loita, ndege inaitwa kwa mgeni pekee au hata kwa saisi? Jibu lijulikane kabla ya safari, kwa kuwa usiku wa ajali hakuna wakati wa kutafuta fedha. Aidha, sheria ya mwaka 2007 kuhusu wanaoumia kazini humtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima, na kibarua wa msimu asione haya kuuliza. Mjue pia mapema njia ya kufika hospitali ya Narok au kituo cha afya kilicho karibu na kambi.

Basi, majuma sita kabla ya safari, nenda kituo cha afya cha mtaani kwako au Hospitali ya Mbagathi uulizie sindano ya pepopunda na vidonge vya malaria. Andika tarehe za sindano kwenye kadi na uiweke pamoja na kitambulisho. Ukirudi, mwachie mkeo, mumeo au jirani mnayeishi naye ujumbe huu: homa yoyote katika miezi mitatu ijayo si ya kungojwa hadi kesho, na mtu wa kwanza atakayeiona aambiwe kwamba mgonjwa alikuwa porini. Huenda wakati huo wewe mwenyewe usiweze kusema.