Biashara ya kuosha mbwa: mtaji uanzie kwenye mabomba

Marekani ina kaya zipatazo milioni 65 zinazofuga mbwa. Kwa mujibu wa American Pet Products Association, chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo, matumizi ya Wamarekani kwa wanyama wa nyumbani yalivuka dola bilioni 100 mwaka 2020 na kufika takriban dola bilioni 147 mwaka 2023. Ndani ya soko hilo limechipuka tawi dogo ambalo mtu wa mtaji wa wastani anaweza kulimudu, nalo ni kituo cha kuosha mbwa kwa kujihudumia. Mteja analipa, anafunguliwa maji ya uvuguvugu, shampuu na kikaushio kwa dakika kumi hivi, anamwosha mbwa wake mwenyewe, kisha anaondoka na kuacha manyoya na tope huko huko.

Mfumo wa kulipia mashine na kujihudumia si mgeni. Huko Fort Worth, Texas, dobi la aina hiyo lilifunguliwa mwaka 1934, na baadaye mtindo ukahamia kwenye magari. Ndiyo sababu vituo vingi vya mbwa nchini humo viko ubavuni mwa vituo vya kuoshea magari, kwa kuwa maji, umeme, mtaro na mashine ya kupokea sarafu vipo tayari. Maduka makubwa nayo yameingia. Tractor Supply na Pet Supplies Plus wameweka mabeseni ndani ya matawi yao, maana anayekuja kuosha mbwa huondoka pia na mfuko wa chakula. Australia nayo inatengeneza mashine kamili, maarufu zaidi ikiwa K9000.

Mashine hizo zilizokamilika ndizo zinazowatisha wengi, kwani bei yake hupita dola 10,000 kwa urahisi. Lakini ukiifungua moja utakuta vitu vinavyofahamika na fundi bomba yeyote: beseni la steli, hita, vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi, mpira wenye kichwa cha bafu, kifaa cha kuvuta shampuu, saa ya kukata maji, blowa na bomba la kutolea maji machafu. Vyote vinaweza kununuliwa kimoja kimoja, na beseni la mtumba kutoka jiko la hoteli linafaa kabisa. Suala ni wapi ubane matumizi na wapi usithubutu.

Tuanze na maji. Kichwa cha bafu kinachotoa lita saba na nusu kwa dakika kitamaliza lita 75 kwa dakika kumi. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi joto 15 hadi 38, kiwango kinachomfaa mbwa, kunataka yuniti mbili za umeme. Dar es Salaam, ambako maji ya tenki yanaweza kuwa na nyuzi 28 tayari, hazifiki hata yuniti moja. Na kwa kuwa maji yaliyohifadhiwa kwenye hita kwa nyuzi 60 huchanganywa na ya baridi, mbwa mmoja anatumia lita 23 tu za moto. Hita ya lita 50 itahudumia mbwa wawili mfululizo, kisha isubiriwe kama saa moja. Mbwa kumi kwa siku, pamoja na maji ya kusafishia beseni, hawamalizi tenki la lita 1,000.

Kwa hesabu hiyo, maji na umeme havitaiua biashara hii. Kinachoiua ni manyoya. Manyoya yakikutana na povu hujisokota ndani ya bomba kama kamba, maji yanarudi juu, na kituo kinafungwa siku ambayo wateja ni wengi. Weka kikapu cha kunasa manyoya chini ya beseni, mahali ambapo mkono unafika, na kimwagwe kila baada ya mbwa mmoja. Bomba la kutolea liwe pana, na sakafu iteremke angalau sentimita mbili kwa kila mita. Ukishamwaga zege, kosa la mteremko halirekebishwi kwa bei nafuu.

Vingine vitatu havina mbadala. Vali ya joto ifungwe kiwango cha juu, ili mteja asimwunguze mnyama. Vali ya kuzuia maji kurudi nyuma iwepo, ili shampuu isiingie kwenye bomba la umma. Kikata umeme cha milliampia 30 kilinde kila soketi, kwani hapo watu wanashika vifaa wakiwa wamelowa. Blowa nayo itoe upepo usio na joto kali. Mbwa waliofungiwa kwenye vikaushio vya moto wamewahi kufa.

Usafi nao una gharama yake. Virusi vya parvo hudumu katika mazingira kwa miezi mingi, na dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu haziviwezi; dawa ya klorini inaviua, ilmradi beseni lisuguliwe kwanza na dawa iachwe kwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Bakteria wa Leptospira hupita kwenye mkojo wa mbwa na kumwambukiza binadamu. Dawa ya kupe yenye permethrin, inayovumiliwa na mbwa, inaweza kumuua paka, kwa hiyo mabaki yake yasibaki kwenye beseni la wote.

Je, biashara hii inafaa Nairobi au Dar? Hapa wengi watajikwaa wakinakili mashine bila kunakili sababu yake. Marekani mteja anakubali kujichosha kwa sababu saluni ya mbwa ni ghali, na ni ghali kwa kuwa ujira wa mtu ni mkubwa. Kwetu mwoshaji anapatikana kwa ujira mdogo zaidi, na mwenye mbwa pale Karen au Masaki mara nyingi ana kijana wa kumwoshea nyumbani. Anachokosa ni beseni la kimo cha kiuno, maji ya uvuguvugu na mahali ambapo tope haliingii ndani. Uza hivyo. Badala ya mashine ya sarafu, weka mhudumu mmoja anayepokea malipo kwa simu, anayemwaga kikapu na kusugua beseni.

Pwani na Zanzibar kuna jambo la kuheshimiwa. Waislamu wengi huko hufuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kituo kisipakane na mgahawa wala njia ya msikitini, na maji yake yasitiririke uchochoroni. Jirani aliyeudhika atakufungia haraka kuliko mkaguzi wa manispaa.

Mwenye mtaji mdogo aanze na beseni moja, hita moja, tenki moja na mtaro uliojengwa vizuri, akodi nafasi kwenye kituo cha magari au jirani na daktari wa mifugo. Rangi, bango na saa ya kukata maji vitanunuliwa na faida ya wateja watakaorudi.