Picha za arusi: kwa nini bibi arusi anatoka na mwanga, bwana arusi anabaki gizani

Jumamosi mchana, kando ya ziwa Kivu mjini Bukavu, maarusi hufika na msafara wao wa magari, wakitoka kanisani, mbele ya kuingia ukumbini. Wakati ni mfupi. Gauni jeupe, suti nyeusi, jua kali, maji yanang'aa nyuma yao. Mpiga picha anawapanga, anaweka flashi ili nyuso zisimezwe na kivuli, anabonyeza. Jioni, mbele ya kompyuta, anaona jambo ambalo kioo kidogo cha apareyi hakikumwonyesha kwenye jua: bibi arusi ana mwanga mzuri usoni, lakini bwana arusi yuko kwenye giza, kama mtu aliyesimama chini ya paa la jirani. Kati yao kuna mpaka ulionyooka.

Picha hiyo hairudiwi. Jamaa wamerudi makwao, gauni la kukodi limerudishwa, na feza iliyobaki kulipwa inaanza kujadiliwa. Wengi husingizia flashi kwamba imekufa, ama pile zimechoka. Mara nyingi flashi ni nzima kabisa. Kosa liko kwenye tarakimu moja ya apareyi, ile ya kasi.

Ndani ya apareyi nyingi za kubadilisha lensi, mbele ya sensa, kuna mapazia mawili. La kwanza linashuka na kufungua njia ya mwanga. La pili linafuata na kuifunga. Kasi inayoandikwa 200 au 1000, maana yake sehemu moja ya 200 au ya 1000 ya sekunde, ni muda kati ya pazia la kwanza na la pili. Mapazia yenyewe hayakimbii zaidi mtu akipandisha kasi. Mwendo wao ni uleule. Kinachobadilika ni kwamba pazia la pili linaondoka mapema zaidi.

Hapo ndipo shida inapozaliwa. Kwenye kasi ya 1/125, pazia la kwanza linafika chini kabla la pili halijaondoka. Kwa kitambo kidogo sensa yote iko wazi, na flashi inapiga wakati huo. Kwenye 1/1000, pazia la pili limekwisha kuondoka huku la kwanza likiwa bado njiani. Sensa haiko wazi yote hata mara moja: ni ufa tu unaopita juu yake, kama mwanga wa mlango uliofunguliwa kidogo. Jua halina neno na ufa huo, kwa sababu linawaka muda wote. Lakini flashi ndogo ya juu ya apareyi, hata kwa nguvu yake yote, inawaka karibu sehemu moja ya 1000 ya sekunde tu, na kwa nguvu kidogo inakuwa fupi zaidi sana. Inaangaza kile kilicho wazi wakati huo. Kilichofunikwa na pazia hakipati kitu.

Picha ikipigwa kwa kulala, giza hukaa kwa kawaida upande wa chini, kwenye miguu na nyasi, na mtu anaweza asilione. Apareyi ikisimamishwa, kama inavyofanywa kwa picha za watu wawili, giza hilo linahamia ubavuni. Ndiyo maana mmoja wa maarusi ndiye anayelipa.

Kila apareyi ina mpaka wake. Canon EOS 5D Mark III inaishia 1/200, Nikon D850 kwa kawaida 1/250. Zamani mpaka ulikuwa chini zaidi: Pentax K1000, ambayo ilifundisha watu wengi kazi hii, ilikuwa na 1/60. Nikon FM2 ilianza mwaka 1982 na 1/200, kisha ikafika 1/250, na tangu hapo apareyi za mapazia hazijaenda mbali sana. Zile zenye pazia ndani ya lensi hazina ugonjwa huu, maana hufunguka nzima kwa kila kasi. Hasselblad 500C ya mwaka 1957 ilipiga flashi mpaka 1/500. Na mwaka 2023 Sony ilitangaza a9 III, ambayo sensa yake inasoma picha nzima kwa mara moja, ikakubali flashi mpaka 1/80000. Bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 6,000. Kwa mpiga picha wa mtaani, hiyo ni habari ya kusoma tu.

Lakini je, apareyi za leo hazimzuii mtu asipite mpaka? Zinamzuia, ikiwa zinaitambua flashi. Flashi ya kampuni ileile, ikikaa vizuri juu ya apareyi, inaifanya ikatae kupanda zaidi ya 1/200 ama 1/250. Flashi za bei nafuu zenye mguso mmoja tu chini yake, pamoja na vidude vingi vya redio vya kuwashia flashi kwa mbali, haziongei na apareyi. Yenyewe inadhani haina flashi, na inamwacha mwenyewe aende mpaka 1/4000. Tena vidude vya redio huchelewa kidogo, kwa hiyo yafaa kushuka mpaka 1/160 au 1/125.

Sasa, kwa nini mpiga picha apandishe kasi? Kwa sababu ya jua. Kwenye jua la mchana, kwa ISO 100 na kasi ya 1/200, diafragma inapaswa kuwa karibu f/11. Anayetaka f/2.8, ili ziwa na milima vififie nyuma ya maarusi, anahitaji karibu 1/3200, na hapo amekwisha kuvuka mpaka. Flashi za bei zaidi zina njia ya kusaidia, iliyoletwa na Olympus mwaka 1986: badala ya kupiga mara moja, zinapiga vimweko vingi mfululizo wakati ufa unapita, mpaka sensa yote ipate. Lakini nguvu inapungua sana, pile zinaisha haraka, na flashi inapaswa kusogezwa karibu na watu. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Kioo cheusi mbele ya lensi kinasaidia pia, ingawa flashi nayo inapaswa kuongeza nguvu. Njia ya bure ni mti: kuwaweka maarusi kivulini na kukubali f/5.6.

Ukumbini usiku mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi wanapoteza picha nzuri bila kujua. Kwa kuwa flashi ni fupi kuliko muda wa pazia kuwa wazi, kubadilisha kasi kutoka 1/200 hadi 1/30 hakugusi mwanga wake kwenye uso wa bibi arusi. Uso huo unaamuliwa na nguvu ya flashi, umbali, diafragma na ISO. Kasi inaamua kile ambacho flashi haikifikii: taa za rangi, mapambo ya ukuta, wazee walioketi nyuma. Kwa 1/200 arusi iliyopambwa siku tatu inaonekana kama imefanyika pangoni. Kwa 1/30 ukumbi unarudi. Hatari yake ni kwamba anayecheza chini ya taa kali anaacha mkia wa ukungu, basi wakati wa ngoma ni vema kupanda mpaka 1/60 au 1/80.

Kujua mpaka wa apareyi hakuhitaji kitabu. Siku moja mbele ya arusi, ndani ya nyumba yenye giza kidogo, mtu apige ukuta mweupe kwa flashi ileile na redio ileile atakayotumia: 1/125, 1/160, 1/200, 1/250, 1/320. Atafute picha ya kwanza yenye utepe mweusi, arudi nyuma hatua moja, na aandike tarakimu hiyo kwenye kipande cha karatasi mgongoni mwa flashi.