Reacquaint: kuzoeana mara ya pili

Silabi ya kwanza ya kitenzi cha Kiingereza reacquaint haina fumbo. Ni re- ya Kilatini, yenye maana ya "tena". Utamu uko kwenye acquaint.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kutamalaki katika ikulu na mahakama. Kifaransa cha zama hizo kilikuwa na acointier, nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, kwenye ukoo wa cognoscere, yaani kupata kujua. Ukizidi kuchimba unafika kwenye mzizi wa kale uliozaa pia know. Maneno haya mawili ni ndugu: mmoja alibaki nyumbani, mwenzake akazunguka kupitia Roma na Ufaransa kabla ya kurudi akiwa na lafudhi ya ugenini.

Yuko ndugu wa tatu, quaint. Zamani lilimsifu mtu mjuzi, mwerevu, hata mjanja. Leo husifiwa kwalo kijumba cha kizamani kinachowapendeza watalii!

Kwa nini ukope wakati unacho chako? Kiingereza cha kale kilitenganisha witan, kujua jambo, na cnawan, kumtambua mtu au kitu. Wajerumani wangali na wissen na kennen, Wafaransa savoir na connaître. Kwa Waingereza witan ilififia, know ikabebeshwa mizigo yote miwili. Kwa maoni yangu, ndiyo maana acquaint haikuchakaa: inashika ule ujuzi unaopatikana kwa kukaribiana, ambao hausomwi kitabuni.

Basi reacquaint ina sharti lake. Lazima mazoea yawe yalikuwepo, kisha yakakatika. Kumkumbusha mtu miadi ya kesho siyo reacquaint. Hiyo ni remind.

Mfasiri hukwama kwenye sarufi. Kiingereza humtaka mtu ajitendee mwenyewe: reacquaint oneself with. Kiswahili, wakiwa watu wawili, kinaleta -ana: marafiki waliopotezana wanazoeana upya, kila mmoja akifanya sehemu yake. Lakini fundi aliyeacha kushona miaka mingi hazoeani na cherehani, maana cherehani haina habari naye. Huyo anaizoea tena, au anajikumbusha kushona.