Joto la Kariakoo: Mtoto akichemka, mpoze kwanza

Dar es Salaam. Ni saa nane mchana katika kituo cha Mwendokasi cha Gerezani. Mama amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto amefungwa kwa khanga, juu yake blanketi zito, kichwani kofia ya sufu na miguuni soksi. Uso wake umelowa jasho.

Picha hii ni ya kawaida Gerezani na Kariakoo, hata kati ya Desemba na Machi, miezi yenye joto kali zaidi jijini. Wazazi wengi huhofia mtoto asipigwe na upepo akapata kifua. Lakini msimu huu, hatari iliyo karibu zaidi naye ni joto lenyewe.

Kwa nini mjini kunachemka

Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Namba hiyo haionekani kubwa, lakini hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ikiwa na unyevu jasho hutiririka tu bila kukauka.

Maghorofa nayo huzuia upepo wa kaskazi. Lami, zege na mabati hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, hivyo chumba kisicho na dirisha la kupitisha hewa hubaki cha moto hadi alfajiri.

Mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko mtu mzima. Tena hawezi kuvua blanketi mwenyewe wala kusema ana kiu.

Si kila mwili wa moto ni homa

Mtoto akichemka, wengi hufikiria malaria, humpa panadol na kumfunika alale. Hapo ndipo kosa linapotokea.

Kwenye homa, ubongo wenyewe hupandisha joto ili mwili upambane na maradhi, na panadol husaidia kulishusha. Mtoto aliyezidiwa na joto la hewa ni tofauti: mwili umeshindwa kutoa joto nje. Panadol haitibu hali hiyo, na blanketi huizidisha.

Dalili za mwanzo ni jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na uchovu. Mtoto mchanga hulialia, hulegea au hukataa kunyonya.

Hatari kubwa ni joto la mwili kufika nyuzi 40 au zaidi, huku mtoto akichanganyikiwa, akipata degedege au akizimia. Ngozi inaweza kuwa kavu au yenye jasho. Hiyo ni dharura inayoweza kuua.

Fanya hivi

Mpeleke kivulini au penye upepo. Mvue nguo za ziada. Mfute mwili mzima kwa khanga iliyoloweshwa maji, hasa shingoni, kwapani na kwenye mapaja, huku ukimpepea. Akiwa na fahamu na ana zaidi ya miezi sita, mpe maji kidogo kidogo, au ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Ukiona dalili za hatari, mwahishe hospitali huku ukiendelea kumpoza njiani. Hata akipata nafuu, kama mwili unarudi kuchemka apimwe malaria. Kumpoza hakuchukui nafasi ya kipimo.

Kinga ni rahisi

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata siku ya jua kali. Maziwa ya mama yanamtosha, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi na mama naye anywe maji ya kutosha.

Anayesoma aende na chupa ya maji. Mkojo wa njano iliyokolea ni ishara kuwa hanywi vya kutosha. Michezo ya juani isubiri jua lipungue, baada ya saa kumi jioni.

Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kama unashuka dukani mara moja. Ndani ya dakika 10 joto la gari linaweza kupanda kwa nyuzi 10.

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi. Mtoto anayejifunza kufunga akipata kizunguzungu au kutapika, afungulishwe mara moja.

Wajawazito nao wajihadhari, kwa kuwa joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Shughuli nzito za sokoni zifanyike asubuhi.

Na mtoto wa mgongoni? Khanga moja nyepesi inatosha. Blanketi, kofia ya sufu na soksi vibaki nyumbani hadi msimu wa baridi, Juni na Julai.